Tundu la Darini: Mlango Uliosahaulika Katika Nyumba za Pwani

Maandishi ya mazungumzo kuhusu makazi na afya, kwa wakaazi wa Malindi, Magarini na Kilifi



Mada ya leo ni kitu kidogo kisichozidi upana wa meza ya chai. Karibu kila nyumba ya mabati iliyowekwa dari ina tundu la mraba, mara nyingi la sentimita 60 kwa 60, ambalo fundi hulitumia kupanda juu ya dari. Huwa liko kwenye ujia, bafuni au katika chumba cha kulala. Siku nyumba inapomalizwa, fundi wa stima hupita hapo akavuta nyaya zake, akashuka, akaegemeza kipande cha ubao juu ya tundu na kwenda zake. Tangu siku hiyo hakuna anayeliangalia tena. Kifuniko hupindika kwa unyevu, hubaki kimekaa upande, au siku moja huondolewa na kutumiwa kwa kazi nyingine.

Kupitia tundu hilo huteremka joto, mbu, vumbi, harufu ya popo na mkojo wa panya. Katika nyumba za kupanga, huweza kuteremka mwizi pia. Kuliziba vizuri ni kazi ya nusu siku kwa fundi wa kawaida, na vifaa vyake vingi hupatikana Malindi mjini, Watamu, Mtwapa au Kilifi. Lakini ni lazima iende kwa utaratibu, kwa sababu tundu lililozibwa vibaya huweza kuleta madhara yake lenyewe.

Paa lilivyobadilika

Wazee wa Pwani walijua kupambana na joto kabla ya stima. Katika mji wa kale wa Gede, uliotangazwa kuwa kumbukumbu ya kihistoria mwaka 1927 na kuingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, kuta za nyumba zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zikawa nene. Mapaa yake yalikuwa ya bapa, ya mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko. Paa zito la namna hiyo hupokea joto polepole, na jua likifika utosini, ndani ya chumba bado kuna ubaridi wa usiku uliopita.

Nyumba ya makuti ilifuata njia nyingine. Makuti yaliyosukwa na kupangwa kwa kubanana huwa na hewa nyingi iliyotulia katikati ya majani. Hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi, ndiyo maana mtu akikaa chini ya makuti mazito saa nane mchana hahisi jua linamchoma kichwani. Nyumba hiyo haikuhitaji dari, kwa hiyo haikuwa na tundu la darini. Kilichokuwepo katika nyumba nyingi za Mijikenda ni uchaga wa kuhifadhia mahindi juu ya meko, ambao wengi huuita lutsaga. Moshi ulipita hapo ukafukuza wadudu, kisha ukatoka kupitia paa.

Mabati yamekuja na faida zake. Hayashiki moto kama makuti, hayahitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na maji ya mvua hukingwa kwenye tangi. Lakini bati ni jembamba. Likipigwa na jua la kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, joto lake huweza kupita nyuzi 60. Hapo ndipo watu walipoanza kuweka dari, ili kuwe na kinga kati ya kichwa cha mtu na bati. Kinga hiyo hufanya kazi vizuri mradi haina pengo.

Joto linavyoshuka

Watu wengi husema hewa moto hupanda juu, basi tundu la darini halina madhara, na pengine hata linasaidia kutoa joto. Usemi huo ni kweli nusu.

Ni kweli kwamba hewa moto hupanda. Lakini mchana, hewa iliyo juu ya dari huwa moto kuliko ile iliyo chumbani. Hewa ya chumbani ni nzito kuliko ile, kwa hiyo haina sababu ya kupanda ikaisukuma. Wakati huo bati lenyewe hutoa joto kama jiko la makaa linavyomchoma aliyekaa pembeni bila kuguswa na moto. Joto la aina hiyo halisubiri hewa: hushuka moja kwa moja kupitia tundu lililo wazi hadi kitandani. Na pale kifuniko kinapokuwa ubao mwembamba tu, ubao huo nao hupata moto na kuwa jiko dogo juu ya chumba.

Halafu kuna upepo. Upepo wa baharini ukigonga upande mmoja wa nyumba, hewa huingia chini ya mabati kupitia kwenye ukingo wa paa, na sehemu yake husukumwa chini kupitia kila ufa wa dari. Ndiyo maana siku za upepo mkali vumbi jeusi huonekana kwenye ukuta kuzunguka tundu la darini. Vumbi hilo ni alama ya njia ya hewa.

Kwa chumba chenye kiyoyozi, hasara ni kubwa zaidi. Hewa baridi ni nzito, nayo hutoka kupitia chini ya mlango. Inapotoka, hewa nyingine lazima ichukue nafasi yake, na iliyo karibu ni ile ya darini iliyopikwa na mabati mchana kutwa. Kiyoyozi hufanya kazi bila kupumzika, na bili ya stima hupanda. Zaidi ya hayo, upande wa juu wa kifuniko kilichopoa hukutana na hewa yenye unyevu mwingi wa Pwani, kikatoa jasho kama chupa ya maji baridi mezani. Jasho hilo ndilo huleta madoa, kuvu na kuoza kwa ubao.

Hesabu mbili zinaweza kusaidia. Ya kwanza ni ya ufa. Chukulia kifuniko cha sentimita 60 kwa 60 kimeacha ufa wa milimita 3 tu kuzunguka pande zote nne. Mzunguko wake ni sentimita 240. Ukizidisha kwa milimita 3, unapata sentimita za mraba 72. Ni sawa na kutoboa shimo lenye upana karibu wa kiganja cha mkono kwenye dari na kuliacha wazi mchana na usiku.

Ya pili ni ya joto. Chukulia chumba cha mita za mraba 12 ambacho dari yake imewekewa kitu cha kuzuia joto, kiasi kwamba ni sehemu moja tu kati ya kumi ya joto la awali inayopita. Tundu ni asilimia 3 tu ya dari hiyo. Lakini likiachwa na ubao mtupu, karibu robo ya joto lote linaloshuka chumbani litapita hapo. Mwenye nyumba amelipia dari nzima, kisha amepoteza robo kwenye kipande ambacho kingezibwa kwa mabaki ya vifaa vilevile.

Jambo hili si la nyumba za kulala peke yake. Pakiti nyingi za dawa zimeandikwa zisihifadhiwe kwenye joto linalopita nyuzi 30, na nyingine nyuzi 25. Stoo ya dawa ya zahanati au duka la dawa lililo chini ya mabati, lenye tundu wazi juu ya rafu, huweza kupita kiwango hicho mchana wa Februari bila mtu kujua. Mwenye stoo ya namna hiyo aangalie juu kabla ya kununua feni.

Mbu na tundu la darini

Mbu wanaoeneza malaria hupenda kuingia ndani ya nyumba usiku, na njia yao kuu ni nafasi iliyo kati ya ukuta na paa. Nyumba ikiwa na dari nzima, mbu aliyeingia kwa juu hukwama darini. Nyumba ikiwa na dari yenye tundu wazi, mbu huyo hupata ngazi ya kuteremkia chumbani, hata kama madirisha yote yana wavu.

Manufaa ya dari yamepimwa Afrika. Nchini Gambia, watafiti walilinganisha nyumba zilizoachwa kama zilivyo, nyumba zilizowekwa dari ya wavu, na nyumba zilizowekwa wavu kwenye milango, madirisha na ukingo wa paa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Katika nyumba zenye dari ya wavu, mbu wa malaria walioingia walipungua kwa asilimia 47. Watoto wenye upungufu wa damu walikuwa karibu 30 kati ya kila 100 katika nyumba zisizorekebishwa, na karibu 20 kati ya 100 katika nyumba zilizowekwa dari hiyo. Huko magharibi mwa Kenya nako, dari za mikeka ya mafunjo zilijaribiwa, na mbu waliongia nyumbani walipungua kwa zaidi ya nusu.

Hilo halina maana kwamba mtu aache neti. Kilifi inajua thamani ya neti kuliko sehemu nyingi. Utafiti uliofanywa katika kaunti hii na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba neti zilizotiwa dawa zilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa theluthi moja, na malaria kali kwa asilimia 44. Neti humlinda mtoto akiwa amelala. Dari iliyofungwa humlinda pia jioni, anapofanya kazi ya shule mezani kabla ya kuingia ndani ya neti. Vitu hivi viwili hufanya kazi pamoja.

Popo, panya na jirani

Darini ni mahali penye giza, joto na utulivu, na popo hupapenda. Popo wengi hula wadudu, wakiwemo mbu, na hawana ugomvi na mtu. Lakini kinyesi chao kikirundikana juu ya dari hutoa harufu, hulemea mbao, na vumbi lake huweza kuleta maradhi ya mapafu kwa anayelivuta. Panya nao hutafuna nyaya za stima, na palipo na panya nyoka hufuata. Kifuniko kilichobana huwazuia wote hawa wasiteremke chumbani.

Katika nyumba za kupanga kuna jambo jingine zito. Vyumba vingi hujengwa kwa safu moja chini ya paa moja, na ukuta wa kutenganisha huishia kwenye dari. Juu yake ni uwanja mmoja mrefu kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Mtu akipanda kwenye tundu la chumba kitupu, anaweza kutambaa na kushukia chumba cha jirani aliyekwenda kazini. Moto ukianza upande mmoja, nao hupita njia hiyohiyo, na moshi humfikia aliyelala kabla hajasikia kelele. Katika safu ya namna hii, kufunga kifuniko kwa komeo kutoka chini ni hatua ya kwanza. Kupandisha ukuta wa kutenganisha hadi kugusa mabati ndiyo kinga kamili.

Wanaoacha wazi makusudi

Wapo wakaazi wanaoacha tundu wazi kwa makusudi, na sababu yao haipaswi kudharauliwa. Wanasema usiku chumba hupata hewa. Kwa kiasi fulani ni kweli: baada ya jua kuzama mabati hupoa haraka, na ikiwa paa lina matundu ya kutolea hewa, chumba kinaweza kupumua kupitia juu.

Lakini hao hao hupokea mbu usiku na joto mchana, kwa kuwa si rahisi kupanda ngazi kila asubuhi na jioni kufunga na kufungua. Njia bora ni kugawanya kazi. Chumba kipumue kupitia madirisha yanayotazamana na matundu ya ukutani karibu na dari, yote yakiwa na wavu. Dari nayo ipumue kwa njia zake yenyewe: matundu kwenye ncha za paa au kwenye ukingo wake, yaliyowekewa wavu ambao macho yake hayazidi milimita 1.5. Kati ya chumba na dari kusiwe na njia. Kosa la kuepuka ni kuziba matundu ya paa kwa saruji ili kuzuia popo. Dari isiyopumua hugeuka tanuri, na mbao zake huoza.

Namna ya kuziba

Kazi huanza kwa kuchunguza. Mchana, zima taa, funga mapazia na utazame juu. Palipo na mwanga kuzunguka kifuniko pana ufa. Kisha choma udi au ubani kwenye chetezo chini ya tundu, feni ikiwa imezimwa. Moshi ukivutwa juu kupitia ukingoni, au ukirudishwa chini kwa kasi, hewa inapita hapo.

Hatua ya pili ni fremu. Tundu lisilo na fremu haliwezi kufungwa vizuri. Fundi atengeneze fremu ya mbao za inchi 2 kwa 2 zilizonyooka, zilizotiwa dawa ya mchwa, na aipigilie kwenye boriti za dari. Upande wa ndani wa fremu uwe na mdomo wa sentimita 2 hivi ambao kifuniko kitakalia. Nafasi iliyo kati ya fremu na dari izibwe kwa jipsamu, gundi ya kuzibia au saruji kulingana na dari ilivyo. Wengi husahau ufa huu, wakaziba kifuniko peke yake.

Hatua ya tatu ni kifuniko. Plaiwudi ya milimita 9 hadi 12 inatosha. Silingi bodi nyembamba haifai kwa sababu hupindika. Ubao upakwe rangi pande zote mbili na kwenye kingo, ili usinywe unyevu wa bahari.

Hatua ya nne ni mpira wa kubana. Utepe wa sponji wenye gundi unaouzwa kwa ajili ya milango unafaa. Asiyeupata anaweza kukata vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli au gari na kuvipigilia kwa misumari midogo juu ya mdomo wa fremu, bila kuacha nafasi kwenye pembe. Mpira haubani wenyewe. Uzito wa kifuniko hautoshi, na upepo ukivuma kutoka juu au chini kifuniko huruka. Kwa hiyo ziwekwe komeo mbili zinazotazamana, au bawaba upande mmoja na komeo mbili upande wa pili, ili kifuniko kibanwe dhidi ya mpira. Bawaba na komeo ziwe za shaba nyeupe, shaba ya njano au chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida huliwa na chumvi ya bahari kabla ya miaka mingi kupita.

Hatua ya tano ni kuzuia joto. Juu ya kifuniko, upande wa darini, gundishwe kitu chenye hewa iliyotulia ndani yake, cha unene wa sentimita 5 au zaidi, na kisipungue unene wa kile kilichowekwa kwenye dari yenyewe. Sufi ya mawe au ya kioo inafaa, nayo haishiki moto. Ubao mweupe wa povu, ule wa kufungia televisheni, huzuia joto vizuri lakini hushika moto na kutoa moshi wenye sumu, hivyo ukae mbali na nyaya na taa. Usumba wa nazi, uliojaza magodoro ya Pwani kwa miaka mingi, nao huzuia joto. Anayeutumia aukaushe kabisa, aushonee kwenye mfuko mzito ili usiwe nyumba ya panya, na auweke mbali na stima. Karatasi inayong'aa ya alumini husaidia kurudisha joto la bati, mradi upande unaong'aa utazame nafasi tupu ya hewa. Ikigusana na bati, faida yake hupotea.

Mwisho, rudia jaribio la udi. Moshi ukipanda na kutawanyika polepole chini ya dari bila kufuata ukingo wa kifuniko, kazi imekamilika.

Kwa nyumba za udongo na miti zisizo na dari, mpango ni tofauti kidogo. Dari ya wavu au ya mkeka wa miyaa iliyofungwa hadi kwenye kuta huweza kuzuia mbu, na nafasi kati ya ukuta na paa huzibwa kwa wavu. Lakini nyumba inayopikiwa ndani kwa kuni isizibwe kwa udongo juu. Moshi uliokosa pa kutokea huumiza mapafu ya mama na mtoto kuliko joto. Hapo wavu hutumika badala ya kuziba, au jiko hutolewa nje kwanza.

Tahadhari kabla ya kupanda

Kazi ya darini ifanywe alfajiri au asubuhi mapema, kabla bati halijapata moto, na vyema katika miezi ya kusi, Julai na Agosti, wakati wa baridi kidogo. Mtu aliyebaki darini saa saba mchana mwezi wa Februari anaweza kuzirai, na hakuna atakayemwona. Asipande peke yake.

Stima izimwe kwenye swichi kuu. Mguu ukanyage boriti, kamwe usikanyage silingi bodi, kwani haikuundwa kubeba mtu. Waya uliotafunwa na panya usiguswe, aitwe fundi wa stima mwenye leseni. Taa zilizozama ndani ya dari zisifunikwe kwa kitu chochote cha kuzuia joto, maana huhitaji nafasi ya kupoa.

Pakiwa na kinyesi cha popo, kinyunyiziwe maji kwanza ili vumbi lisiruke, kisha kizolewe kwa koleo na kutiwa kwenye mfuko, mtu akiwa amevaa barakoa nzuri na glavu. Popo wasiuawe wala wasichomewe moshi. Wavu wa kulegea hutundikwa juu ya tundu wanalotokea nje, ukiachwa wazi chini: jioni wanatoka, alfajiri hawawezi kurudi, na baada ya siku chache tundu huzibwa. Wakiwa na watoto wasioweza kuruka, mwenye nyumba asubiri. Anayeumwa au kukwaruzwa na popo aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo.

Nyumba za zamani zilizoezekwa kwa asbesto zina tahadhari yake. Asbesto isikatwe, isitobolewe wala isipigwe brashi. Vumbi lake huleta maradhi ya mapafu yanayojitokeza baada ya miaka mingi. Hiyo ni taka hatari chini ya kanuni za mazingira za Kenya, na kuiondoa ni kazi ya watu walioruhusiwa na NEMA.

Nani alipe?

Swali hili huulizwa sana na wapangaji. Mpangaji husema nyumba si yake, mwenye nyumba husema joto ni la Mungu. Wakati wakivutana, mtoto analala chini ya tundu.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu nyumba iliyojengwa au kuachwa katika hali inayodhuru afya, au iliyojaa wadudu na wanyama waharibifu, kuwa kero inayoweza kuamriwa iondolewe. Kwa hiyo dari iliyojaa popo na panya katika nyumba ya kupanga si suala la mpangaji kuvumilia tu. Mpangaji amweleze mwenye nyumba kwanza, kwa maandishi ikiwezekana. Asiposikizwa, amwone afisa wa afya ya umma wa eneo lake au apitie ofisi ya msimamizi wa wadi. Kwa upande mwingine, mpangaji naye asing'oe kifuniko kwa kuni au kwa meza, wala asigeuze darini kuwa stoo ya magunia. Mwenye vyumba kumi vya kupangisha anaweza kumlipa fundi mmoja kutengeneza fremu na vifuniko kumi kwa kipimo kimoja, na gharama ya kila kimoja itapungua.

Mafundi waliohudhuria wana nafasi kubwa hapa. Nyumba mpya zinajengwa kila wiki kutoka Mtwapa hadi Mambrui. Fundi akiweka fremu, mpira na komeo wakati dari inapopigiliwa, kazi hiyo haiongezi siku hata moja. Akiacha ubao umeegemezwa, anaacha ufa ambao familia itaulipia kwa miaka kwa stima, kwa dawa na kwa usingizi. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa watu wa Pwani hii hii, na ufa huu unajulikana uliko.

Kila mkaazi aliyefika leo anaombwa afanye jambo moja atakaporudi nyumbani kabla jua halijazama: ainue kichwa, atazame tundu la darini, na ahesabu ni vitanda vingapi vilivyo chini yake.